Maneno Kumi na Manne ya Wapanda Mawimbi

Jumapili, tarehe 19 Juni 1960

Siku kubwa! Baada ya misa mwalimu Marcellin alitusimamisha mimi na Octave mlangoni mwa kanisa. Alisema tarehe 30, siku ya Uhuru, wapanda mawimbi watacheza ziwani mbele ya wageni. Kamati inataka kijana mmoja awaeleze watu mchezo huo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Atapewa bomba la bati la kupazia sauti. Atakayeleta maelezo mazuri zaidi Jumamosi, ndiye.

Octave ni mtoto wa karani. Kifaransa chake kinapitia puani. Alisema yuko tayari hata kesho. Mimi nilitazama viatu vya mwalimu. Mwalimu akachukua hiyo kuwa ndiyo.

Nakiri hapa, mahali asiposoma mtu: nina miaka kumi na mitano, nimezaliwa hatua mia mbili kutoka ziwani, na sijawahi kuingia maji ya kupita magoti. Lakini kila alasiri ya kiangazi, upepo wa kusini ukishika, nashuka kuwatazama. Firmin! Anautoa ubao wake, ubavu wa mtumbwi uliovunjika, anasubiri wimbi, halafu anasimama. Anasimama! Juu ya maji, kama vile ziwa ni baraza ya kwao. Dada yake Agathe analala juu ya ubao wake akicheka, na wimbi linamfikisha mchangani taratibu, kama barua. Kutoka hapa Uvira mpaka Usumbura hakuna kitu kizuri kuliko hicho.

Wako kumi na wawili. Hakuna anayejua jina langu, Ildefonsi. Firmin aliwahi kuniita "weye wa kaye", kwa sababu ya daftari langu. Niliishi na neno hilo wiki nzima.

Nikipata bomba, watanijua.

Jumatatu, tarehe 20 Juni

Wana maneno yao! Wakiwa majini wanaitana kwa lugha ambayo mapadri hawakutufundisha, wala kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa. Mpango: kuyakusanya yote na kuyaeleza vizuri mpaka Octave akose pumzi.

Nilichonga kalamu. Nilishuka. Nilisimama karibu nao muda wa rozari mbili, nikijizoeza sentensi moja. Sentensi haikutoka. Mwishowe niliuambia ubao wa Firmin "Bonjour". Ubao!

Agathe akaniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha kaye. Alicheka, ila si kwa ubaya, akanieleza desturi yao. Neno haliombwi. Mtu hupewa neno ndani ya maji, siku jambo lenyewe linapomkuta, na watu watatu wawe wameona. Ndipo anaitwa kando, ananong'onezwa neno pamoja na sheria yake. Kabla ya hapo haruhusiwi hata kulitamka. Firmin anayo kumi na tisa. "Minye niko na kumi na moja," akasema. "Weye iko na ngapi?"

Nikasema nitarudi.

Kuloa ili kupata msamiati! Kwa hiyo karatasi ilitengenezwa kwa ajili ya nini?

Jumanne, tarehe 21 Juni

Ushindi!

Pale wanapopumzikia kuna mtumbwi uliofudikizwa. Saa nane, kabla hawajafika, nikaingia chini yake na kaye na kalamu. Giza. Joto. Siafu wachache. Kupitia mwanya wa chini niliona miguu tu. Lakini masikio! Masikio yalikula karamu.

Ndagala: mtu anayepanda kwa tumbo, amelala kama dagaa aliyeanikwa mchangani. Padiri: anayesimama wima, mikono wazi, kama anayetubariki altareni. Kula bugali: kupinduliwa mpaka chini na kutoka na mchanga kinywani. Mama mukwe: wimbi linalokuja kwa ubavu, hulitazami usoni, unalipisha kwa heshima. Nusura nipige makofi humo ndani. Nani alifikiria haya? Wengi wao waliacha shule darasa la tatu. Mimi nimesoma ziwa miaka minane katika vitabu na sijawahi kuliona kama wao.

Maneno kumi na matatu nikayapata hivyo. La kumi na nne ndilo kubwa. Firmin alipiga kelele mara moja tu: "Sekuru!" Kwa Kirundi ni babu yake mtu. Nikaelewa peke yangu: ni wimbi la nyuma ya mengine, wajukuu wanatangulia, babu anafuata. Papo hapo miguu yote ikapita mbio, mibichi, kuelekea barabarani. Hata miguu ya wavuvi. Hata ya wamama wa samaki. Nimeandika: "Sekuru, wimbi zuri kupita yote. Likija, watu hukimbilia mahali pa juu ili walione vizuri."

Dakika hiyo hiyo maji yaliingia chini ya mtumbwi mpaka kifuani. Sijui yalitoka wapi. Nadhani ni mto Mulongwe. Niliishika kaye kwa meno. Imepona.

Alhamisi, tarehe 23 Juni

Octave ni mjinga. Badala ya kutumia akili, ameenda kwa Firmin akaomba ubao. Akaingia majini na shati lake jeupe! Nilimwona kutoka nyuma ya nyavu. Mawimbi yalimpindua, akazama, akatoka, akacheka, akarudi. Jioni nzima. Walimwita kando mara mbili wakamnong'oneza.

Maneno mawili! Jioni nzima, shati moja, maneno mawili. Mimi ninayo kumi na manne na nimekauka. Karibu.

Ila nakiri. Alipofika mchangani amelala kwa tumbo, Firmin alimpiga begani akamwita "ndugu". Chakula cha usiku sikukimaliza.

Jumamosi, tarehe 25 Juni

Nimechaguliwa!

Mwalimu Marcellin alitusikiliza darasani. Octave alisema anayo maneno mawili na hawezi kuyasema mbele yetu. Hayo ndiyo maelezo yake yote! Mimi nilimpa mwalimu kaye, maana sauti iligoma. Aliisoma yote, safu ya Kiswahili na safu ya Kifaransa, kwa mpangilio wa alfabeti. Alisema ni kazi ya msomi. Mwalimu ni mtu wa Bwegera. Maji anayoyajua ni ya mashamba ya mpunga, yanayoishia kwenye kifundo cha mguu. Lakini sifa ni sifa.

Njiani Octave akanishika mkono. Akasema ndani ya kaye yangu lazima kuna neno moja ambalo halitamkwi nchi kavu. Ndilo la kwanza wanalompa kila mgeni, hata kabla halijamkuta, pamoja na sheria yake. Nikamuuliza ni lipi. Akasema hawezi kulitamka, tuko nchi kavu.

Wivu una akili sana.

Akaniomba basi niende naye majini hata mara moja, watanipa mimi pia. Nikamwambia nina mafua.

Jumatano, tarehe 29 Juni

Kesho! Mji umechanganyikiwa. Bomani wazungu wanafunga makasha, huku mtaani watu wanapima nguo mpya. Mafundi wa Kasenga wanashona mpaka taa zinaishiwa mafuta. Watu wanateremka kutoka Runingu kwa miguu, na ngoma kichwani.

Nimelichukua bomba. Nilienda kufanya mazoezi kwenye shamba letu la mihogo, mbali na ziwa na mbali na watu. Ajabu! Ukiweka uso ndani ya bomba, hakuna anayekuona. Sauti ikatoka. Kubwa! Mama yangu, Kankindi, alikuwa analima upande wa pili. Alisema hajawahi kunisikia nikisema maneno matatu mfululizo, na leo mihogo imehutubiwa kwa lugha mbili. Akauliza kama watu wa ziwani wameniruhusu kuyasema mambo yao. Nikamjibu elimu haiombi ruhusa. Akasema sawa, hata mbuzi haombi, ndiyo maana anafungwa.

Mama hakusoma.

Alhamisi, tarehe 30 Juni. UHURU

Naandika nikiwa chini ya kitanda. Nitajitahidi kufuata mpangilio.

Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Bendera mpya. Kwaya ya parokia. Viti vya wageni vimepangwa mchangani, na nyuma yake nyama zinachomwa kwa ajili ya wakubwa. Ziwani mitumbwi ya wavuvi imejipanga na matawi ya kijani. Watu elfu moja, labda zaidi. Upepo wa kusini ukashika saa tisa kamili, kana kwamba kamati iliuandikia barua.

Wakaingia wote kumi na wawili, na Octave nyuma yao. Nikauficha uso ndani ya bomba nikaanza. Watu walinyamaza! Nilieleza ndagala, na Agathe akapita juu ya wimbi akiwa amelala vilevile. Kicheko kizima cha Uvira kikapanda. Octave alikula bugali, nikaeleza kula bugali. Wageni walipiga makofi, hata mzungu mmoja mzee. Nikaeleza padiri, na hapo Firmin akasimama. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Wimbi lilikuwa refu, la kijani, halivunjiki, na yeye juu yake mikono wazi, anakuja, anakuja, bibi vizee wanafanya ishara ya msalaba. Nikafikiri: wimbi zuri hivi linastahili neno zuri kuliko yote. Na kwenye alfabeti, baada ya P, nililobakiwa nalo ni la S.

Nikavuta pumzi yote niliyonayo. "SEKURU!"

Firmin aliruka kutoka kwenye wimbi lake. Aliliacha! Wote wakageuza mbao na kupiga maji kuja nchi kavu. Mitumbwi yote iligeuka mara moja, miwili ikagongana. Wamama walizoa sinia za samaki wakakimbia. Nikafurahi. Nikajisemea, kumbe nilielewa vizuri, wanakimbilia mahali pa juu walione. Basi nikalirudia kwa ajili ya safu ya Kifaransa: "Sekuru, messieurs-dames!"

Hapo kwaya ilipanda barabarani na makanzu mikononi. Wageni wakakimbia kwa sababu kwaya imekimbia. Viti vikaanguka. Wapiga ngoma wakaacha ngoma. Mwalimu Marcellin alinipita bila kiatu kimoja.

Mchangani nikabaki mimi na bomba. Ziwa lilikuwa linakuja pole pole, mawimbi madogo, kama linauliza kuna nini. Hakuna babu. Hakuna hata mjukuu. Mbwa watano walikuwa wanakula nyama za wakubwa.

Ijumaa, tarehe 1 Julai

Sijatoka. Octave alikuja akakaa sakafuni, maana bado niko chini ya kitanda. Aliniambia kila kitu, sasa anaweza.

Neno lile ni la kuwaokoa watu. Likisikika hutazami, huulizi, unatoka. Sheria yake ni kwamba halitamkwi ila wimbi lenyewe, lile linaloua, linapokuja. Miaka miwili iliyopita mvuvi mmoja aitwaye Habonimana alikawia kidogo kugeuka nyuma aone. Mtumbwi wake walioupata ni nusu. Nusu hiyo ndiyo ubao wa Firmin.

Nikasogea ndani zaidi, mpaka ukutani.

Akasema jana jioni wavuvi na wapanda mawimbi walikaa pamoja. Wengine walitaka nipigwe. Firmin akasema kunipiga hakusaidii. Neno likishadanganya mara moja, kesho mtu atageuka kwanza aone kama ni kweli, na huyo ndiye atakayekufa. Kwa hiyo wamelizika. Neno la babu zao, lenye umri mkubwa kuliko boma! Wamechagua lingine usiku uleule, na wamenong'onezana mtumbwi kwa mtumbwi mpaka bandari ya Kalundu, wasilale mpaka kila mtu amelipata. Firmin alipiga makasia mpaka alfajiri.

Ni watu wa namna gani hawa! Nililia. Nilimwambia Octave nimejifunza, na sitafungua kaye tena maisha yangu yote.

Jumapili, tarehe 3 Julai

Nimefungua kaye kwa sababu ya jambo la lazima.

Mama alinitoa kwa nguvu kwenda misa. Nilitembea karibu na kuta. Mbele ya duka, wavuvi wawili walikuwa wanabishana. Mmoja alidai Ijumaa alivua samaki mrefu kama mlango. Mwenzake akamwambia: "Weye, usitupigie Ildefonsi hapa!" Nikasimama. Nikadhani wananiita. Hawakunitazama hata kidogo!

Baada ya misa nilimuuliza Octave. Alitaka kunificha maana yake, akashindwa. Tangu Alhamisi hilo ndilo neno jipya la ziwa. Anayepiga kelele ya wimbi ambalo halipo, amepiga Ildefonsi. Anayekimbia bure, amekimbia Ildefonsi. Linatumika mpaka Kalundu. Alinishika bega akasema pole.

Pole ya nini? Nina neno! Si la kunong'onezwa sikioni. Nimepewa mbele ya watu elfu moja.

Halafu Firmin mwenyewe akapita na dada yake. Akasimama. Akasema: "Ildefonsi." Jina langu, lote, kwa sauti yake! Akasema nije kesho alasiri, nianze kama wengine, kwa tumbo, na Agathe atanishika mkono mpaka maji ya kiunoni. Agathe akasema nisiogope, kula bugali ni kubaya mara ya kwanza tu. Niliwashukuru kwa moyo wote. Watu wakubwa kabisa.

Kesho lakini sitaweza. Nina mafua. Tena nimewaza: mtu ambaye ni neno tayari, ataingia majini kutafuta nini? Nimeliandika mahali pake, kwenye herufi I: "Ildefonsi, tangazo linaloamsha mji mzima." Ni maana ya haki zaidi.

Na kuhusu hilo neno jipya walilonong'onezana, la kuokoa watu. Octave halisemi. Agathe halisemi. Lakini mmoja wa wale wavuvi huongea usingizini, mke wake kamwambia mama sokoni, na dirisha lao halina ubao. Naenda leo leo usiku kusikiliza, na kalamu mbili.