Kapteni Boga na Nafasi Moja ya Moshi

Jumatatu, 13 Julai

Klabu ya sayansi imemaliza glaida. Ndege isiyo na injini: mianzi, turubai, na bodaboda ya Isihaka ya kuivuta kwa kamba hadi ipae. Rubani ni boga. Tunamwita Kapteni.

Mwalimu Eliakunda amesema gari la kwenda maonyesho ya Moshi lina nafasi ya mwanafunzi mmoja tu. Ataamua baada ya majaribio. Salha, anayekaa dawati la mbele yangu, tayari anauliza kama Moshi kuna baridi. Mimi pia naitaka nafasi hiyo. Nimejitolea kusimamia usalama. Msimamizi wa usalama huonekana na kila mtu.

Jumanne, 14 Julai

Jaribio la kwanza, uwanja wa mpira. Nilimfunga Kapteni mikanda ya vipande vya shuka, kiunoni na mabegani, ingawa hana mabega. Nikawaeleza wenzangu umuhimu wa mkanda. Nilieleza vizuri mno. Nikasahau kufunga kitasa cha kifuniko cha chumba cha rubani.

Glaida ilipokimbia, kifuniko kilifunguka, kikakamata upepo, nayo ikalala kifudifudi kabla ya kupaa. Salha akasema eti Kapteni alitaka kupunga hewa. Wote wakacheka. Hata Mwalimu, maana ghafla aligeuka kuutazama mlima.

Jumatano, 15 Julai

Nimepata dawa. Kufuli.

Kifuniko hakikufunguka. Hakikufunguka kabisa. Ufunguo nilimpa Isihaka autunze, akapata abiria wa Hedaru, akaondoka nao mfukoni. Mwalimu akaniuliza, kwa ule upole wake unaouma, rubani atatokaje ndege ikiwaka moto. Nikajibu kwamba boga haliwezi kukimbia hata mlango ukiwa wazi. Halikuwa jibu zuri. Salha alirudia jibu langu njia nzima ya kwenda bwenini, kwa sauti yangu.

Ijumaa, 17 Julai

Kufuli nimeliondoa. Kitasa nimekifunga, nimekivuta, nimekivuta tena. Mambo yalikuwa safi. Ndipo nikaomba na kazi ya kushika ncha ya bawa. Unaliweka usawa, unakimbia nalo kidogo, ndege ikipata mwendo unaliachia. Kazi ya heshima.

Isihaka akavuta. Kamba ikakaza. Nikasikia kikohozi karibu yangu. Babu Tajeu, baba yake baba, akipitisha ng'ombe pembeni ya uwanja! Sisi tumelelewa hivyo: mkubwa akikukaribia, unainamisha kichwa akiguse. Nikainama. Bawa likainama nami. Likalima vumbi, glaida ikazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, ikaingia miibani.

Babu alinigusa utosi bila haraka, kisha akauliza kama ndege imefika ilikokuwa inakwenda. Akaongeza kwamba hata ndama haachiwi kabla hajasimama. Salha alicheka mpaka akakaa chini.

Kwaheri Moshi.

Jumatatu, 20 Julai

Nimechaguliwa mimi!

Mwalimu anasema Kapteni alitolewa miibani bila mkwaruzo hata mmoja, kwa sababu ya mikanda yangu. Anasema pia kwamba kila mwanafunzi anaweza kueleza jinsi glaida inavyopaa, lakini jinsi inavyoshindwa kupaa, shule nzima hakuna anayejua kama mimi, Namelok. Nimeamua kuichukua kama sifa. Salha amesema fisi amekabidhiwa bucha. Baadaye akaniazima sweta lake, bila kuniangalia.

Glaida imetengenezwa. Huko Moshi itarushwa mbele ya watu, na atakayeshika bawa ni mimi. Mgeni rasmi ni mzee mwenye mvi, atasimama karibu kabisa na ndege.

Kosa la Ijumaa nimelitafakari kwa makini. Nilichelewa kumwona Babu, ndiyo maana nikainama kwa pupa. Moshi sitarudia. Nitamtazama mgeni rasmi tangu mwanzo, na kamba ikikaza tu, nitainama mapema.