Sentensi Mia Mbili za Profesa Oldroyd

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Mvua. Soksi zimelowa. Msiba mkubwa ofisini.

Profesa Oldroyd ametuita mimi na Nerys Pugh, mtafiti mwenzangu, mwanamke wa Wales mwenye sauti ya kwaya na majibu ya haraka. Mwaka mzima tumekuwa tukikusanya sentensi za magazetini, zile zenye maneno kama dai, hofu, tetesi au imani, kisha “kwamba”, kisha huenda au lazima au inapaswa. Kazi yetu ni kutia alama tu. W kama sentensi inazungumzia wajibu, U, yaani uwezekano, kama inakisia. Kila mtu peke yake, bila kuchungulia ya mwenzake, halafu Profesa analinganisha. Tukikubaliana mara nyingi, tunajua tunachofanya.

Katika sentensi mia mbili tumekubaliana mia na nane. Mia na nane! Profesa amesema hata kuku wawili wakidonoa ubao wangefika mia.

Mfano: “Imani kwamba treni ya saa nne inapaswa kufika kwa wakati.” Mimi nimeandika W. Treni ina wajibu wake, imelipiwa! Nerys ameandika U, eti kwa treni zetu hizi hayo ni makisio, tena ya mtu aliyelewa.

Kila mmoja amerudishiwa karatasi zake zenye alama za mwanzo kwenye bahasha ya kaki. Tunarudia zote upya hadi Ijumaa adhuhuri. Tusipofika mia na sabini wafadhili watajitoa. Tukifika watalipa mwaka mmoja zaidi, lakini wa mtu mmoja, na Profesa atachagua nani.

Nina miaka arobaini na mitatu. Mkataba unaisha Desemba. Nikiukosa huo mpya nitarudi kwa dada yangu Mavis kulala chumba cha cherehani. Naogopa. Nimeandika hivyo kwa wino, basi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata akili usiku! Kukubaliana kunahitaji watu wawili, lakini kazi yake anaweza kuifanya mmoja. Nikiandika majibu ya Nerys, na Nerys akiandika majibu ya Nerys, tumefaulu. Profesa ataona jinsi nilivyokomaa. Na nikubali hapa ambapo hakuna anayesoma: Nerys ana sikio la lugha kuliko mimi. Hilo sitalisema hata nikitekenywa.

Saa sita nilimwambia kuna keki ya tangawizi chumba cha chai, ya sherehe ya fataki za leo, na inaisha. Alitoka mbio. Nikachomoa bahasha yake kwenye trei, nikakimbilia mashine ya fotokopi. Mashine ikameza ukurasa wa tatu.

Akatokea Bi. Edna, katibu wetu, akaniambia, we Alban mpenzi, toa mkono huko kabla haijakula na kidole. Akafungua mlango wa ubavuni, akavuta karatasi, akaisoma. Akauliza tangu lini mwandiko wangu umekuwa mzuri hivi. Nikasema nafanya mazoezi. Akasema haya mpenzi, fanya na mazoezi ya kudanganya.

Bahasha nimeirudisha. Nerys akarudi ananung'unika kwamba hakuna keki, kuna biskuti mbili na moja imeumwa. Nikamsikitikia sana.

Jumatano, 6 Novemba

Nimenakili kutwa nzima. Raha iliyoje kutia alama bila kufikiri! Kwenye sentensi ya treni nimeandika U huku roho ikiniuma.

Mjanja hanakili yote. Nimebadilisha majibu matatu, tena ya zile sentensi nyepesi ambazo tulikubaliana tangu mwanzo, ili ionekane ni kazi ya binadamu.

Saa nane Nerys aliniambia mlinzi wa lango analalamika, baiskeli yangu imeziba njia ya magari. Nimeshuka ghorofa nne hadi nje kwenye mvua. Baiskeli iko pale pale, haijaziba hata paka. Mlinzi hakunijua wala hakujua ana malalamiko. Niliporudi Nerys alikuwa mwekundu usoni, amekalia mikono yake, na droo yangu iko wazi kidogo. Lazima niipake mafuta droo hiyo, haifungi vizuri.

Maskini Nerys, anaanza kuchanganyikiwa. Watu wengine shinikizo hawaliwezi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekabidhi wa kwanza. Nerys akakabidhi dakika tatu baadaye, naye anatabasamu. Nimempigia simu Mavis na kumwambia chumba akijaze vitambaa apendavyo. Akasema ataamini akiona barua. Jioni nimejinunulia samaki na chipsi, sahani kubwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Mia na tano.

Mara ya kwanza mia na nane. Tumerudi nyuma!

Profesa alitukalisha, akatumiminia chai, akasema ameona jambo la kuvutia. Hapa kwetu bosi akisema hivyo, anza kutafuta koti lako. Akapanga mezani orodha nne, mbili za zamani, ambazo alibaki na nakala zake, na mbili za sasa. Akasema Alban wa leo ni Nerys wa wiki iliyopita. Na Nerys wa leo ni Alban wa wiki iliyopita, nukta kwa nukta, hadi zile alama nilizofuta mara mbili. Akaongeza kwamba Alban amekosea kunakili mara tatu. Kukosea!

Nikaanza kutafuta koti langu kwa macho.

Nerys akasema, mimi nimechungulia, Profesa. Nilimtuma Alban nje Jumatano nikafungua droo yake. Nimefanya aibu, na barua ya kuacha kazi naweza kuandika leo. Kavukavu hivyo! Nikamwonea huruma, hajui kujitetea.

Ikawa zamu yangu. Nikasema kuna uwezekano kwamba huenda karatasi zikawa zilichanganyika, bila kuondoa dhana kwamba mashine ya fotokopi ingeweza kuwa na mchango, ingawa yapo maoni kwamba isingepaswa kulaumiwa peke yake. Profesa alikuwa ananihesabia makisio kwenye vidole. Akauliza kama hiyo ni ndiyo au hapana. Nikasema ni dhana. Akasema, Alban, kunywa chai yako uende nyumbani.

Jumatatu, 11 Novemba

Profesa aliwaandikia wafadhili ukweli wote kwa faksi Ijumaa. Ajabu, wameuheshimu. Wametoa miezi sita badala ya mwaka, kwa mtu mmoja. Amepewa Nerys.

Nimeketi chooni nusu saa. Nililia kidogo. Bi. Edna aligonga mlango akasema, mpenzi, ukimaliza huzuni kuna watu wana haja zao.

Nerys alinisubiri ngazini. Nikajiandaa kumwambia hongera kwa namna itakayomuumiza. Yeye akaniuliza kwa nini nilinakili yake. Nikasema kuna dhana... Akasema, acha hizo Alban, mimi nilinakili yako kwa sababu miezi yote hii naamini wewe ndiye unayejua, na mimi ninabahatisha.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilitaka kumjibu kwamba nami nilidhani hivyo hivyo juu yake. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nikamwambia droo yangu aifunge vizuri siku nyingine.

Alhamisi, 14 Novemba

Habari njema! Kazi bado inahitaji mtu wa pili wa kutia alama, na Nerys ameniombea kwa Profesa. Kibarua cha saa sita kwa wiki. Mavis ataniachia nusu ya chumba, nusu nyingine ya cherehani. Nerys amenipa mkono na kuniambia, safari hii kila mtu kwa kichwa chake, sawa? Nikasema sawa, tena kwa moyo wote.

Sentensi mpya mia mbili. Nimekaa nazo asubuhi nzima. Ya kwanza: “Tetesi kwamba mkurugenzi lazima alijua.” W? U? Nimenoa penseli. Nimenoa nyingine.

Halafu nikaona nilipokosea wiki iliyopita. Kosa lilikuwa kunakili sote wawili kwa wakati mmoja! Nerys mwenyewe amekiri kwamba mimi ndiye ninayejua, kwa hiyo atanakili tena, atake asitake. Mimi nikitulia na majibu yangu, tunafika mia mbili kwa mia mbili.

Nimeandika W kwa zote mia mbili, kwa herufi kubwa, asihangaike kusoma. Droo nimeiacha wazi.