Mbuzi wa Mayi Kapichi

Jumatatu, 2 Juni 2014, Dzaleka
Nimeanza staji, mafunzo yangu ya kazi! Shirika letu linasaidia familia mpya za wakimbizi kambini zisizo na kitu. Bosi ni Mayi Kapichi, mama Mmalawi wa Lilongwe, hacheki kabisa. Bila sahihi yake, diploma yangu ya kazi ya jamii naisikia tu. Kauliza nani anajua Kichewa. Narcisse, mwanastaji mwenzangu aliyekulia hapa, akainua mkono taratibu. Mimi nikainua yote miwili. Nimefika Malawi mwaka jana, lakini Kichewa ni Kibantu tu. Kitanishinda nini?

Jumatano, 4 Juni
Mayi Kapichi kahutubia familia, mimi mkalimani. Kasema kila familia itapewa chimbudzi. Mbuzi! Nimesikia kwa masikio yangu. Na lile "chi" la mbele, bila shaka ni mbuzi mkubwa. Kina mama wakacheza. Bosi kashangaa, kasema hajawahi kuona msaada huu ukishangiliwa hivi. Narcisse hakuwepo, katumwa Lumbadzi kufuata saruji. Saruji ya nini, sijui.

Ijumaa, 6 Juni
Nimetangaza: mwenye banda tayari atahudumiwa kwanza. Na mtoto wa kwanza wa kila mbuzi ni wangu, kwa usumbufu. Maman Eugénie, mshonaji kutoka Fizi, kawapita wote. Kabomoa choo chake, matofali kajengea banda. Ndio akili hiyo! Nimemsifu hadharani.

Jumatatu, 9 Juni
Lori limefika. Nilivaa tai. Ndani hakuna hata kwato! Ni vifuniko vya zege vyenye tundu katikati. Narcisse kacheka mpaka akakaa chini: chimbudzi ni choo. Maman Eugénie hakucheka. Kanisogelea polepole.

"Josué, choo yangu nilibomoa juu ya mbuzi yako. Batoto bangu bane, leo bataenda wapi?"

Niliona haya, kweli. Kisha nikamwambia bosi kwamba neno lile nilifundishwa na Narcisse. Hakuniamini. Kanipa sepetu: nichimbe shimo la Maman Eugénie mwenyewe, la sivyo sahihi hakuna.

Alhamisi, 12 Juni
Nachimba. Udongo wa wilaya hii ya Dowa hauna utu. Jirani kawafungia watoto wa Maman Eugénie choo chake. Mdogo wao kaja mbio, kakuta shimo bado, karudi analia. Nikamwambia avumilie, maendeleo ni mchakato.

Jumatatu, 16 Juni, Lilongwe
Shimo limeisha. Bosi kanileta mtaa wa Mtandire kushusha unga, kwa sharti nisifungue mdomo. Kina mama wa pale wakapokea unga, wakainua sufuria tupu: ndiwo? ndiwo? Mfadhili kutoka Nairobi, tuliyekuja naye, akaniuliza wanasema nini. Bosi alikuwa mbali. Ningenyamaza vipi? Nikamweleza: wanasema ndiyo, ndiyo, wametosheka. Kafurahi, kaamuru maharage yaliyobaki garini yarudi stoo. Narcisse, juu ya magunia, kapaza sauti kuwa ndiwo ni kitoweo. Wivu! Dereva akawasha gari, mngurumo ukafunika sauti ya Narcisse. Kina mama wakalikimbiza hadi barabarani, bado wanapiga kelele ndiwo, ndiwo. Sijawahi kuona watu wenye shukrani kiasi hiki.