Kiingereza cha Fundi Paa

Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini waliomjua walimwita Sharubati, kwa sababu maneno yake yaliteremka kooni bila kutafunwa. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye korido ya shule moja ya Kiingereza ya watoto, huko ugenini, mguu juu ya mguu, akimsubiri dada yake aliyekuwa ndani akifanyiwa majaribio ya kazi. Msidhani alikuja kwa mapenzi. Dada ndiye aliyekuwa akilipia chumba walichoishi, na kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa ukingoni. Asipopata mkataba wa ualimu, angerudishwa kwao. Sharubati yeye alikuwa na karatasi za ndoa, ndoa ambayo mke mwenyewe alishaisahau, kwa hiyo angebaki, ila angebaki na kodi.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Upande wa korido, darasa lilikuwa na ukuta wa kioo kizito, na wazazi walikaa nje kwenye makochi, wakinywa kahawa ya bure na kumtazama mwalimu anavyofundisha. Kusikia, hawakusikia kitu. Wenyewe hawakuona tatizo. Kiingereza hawakukijua, na mtu akinunua kitu asichokijua, hutaka walau akione.

Basi walimwona dada. Alikuwa na shahada mbili na miaka mingi ya kufundisha, na mle ndani watoto walikuwa wakirukaruka kwa kugombea kujibu. Wazazi hawakuwatazama watoto. Waliitazama ngozi yake, wakatazamana, na mama mmoja akauondoa mkoba wake kitini akaupakata.

"Umefundisha vizuri mno," Mkurugenzi, mama mwenye shule, alimwambia mlangoni, kichwa kakiinamisha kama aliyefiwa. "Na mimi ubaguzi sina, hata chembe. Ila wazazi wanataka mwalimu mwenye... mwenye sura ya Kiingereza."

"Kiingereza kina sura?" dada aliuliza.

"Si mimi, mama. Ni soko."

Naam, soko. Mwenye haya akitaka kutenda uchafu hulisingizia soko, maana soko halijawahi kusimama likakanusha.

Wakati huohuo mlango wa nje ukafunguliwa, akaingia fundi paa aliyekuwa akiezeka duka la dawa la jirani. Jitu refu, nywele rangi ya ndevu za mahindi, macho ya buluu, suruali imetapakaa lami, ndoo mkononi. Alikuwa anatafuta bomba la maji. Wazazi wote wakasimama! Mama wa mkoba akamsukuma mwanawe mbele, "Msalimie mwalimu, wewe! Msalimie!" Mtoto akasalimia kwa Kiingereza. Fundi hakuambulia hata neno moja, akainyanyua ile ndoo kuwaonyesha shida yake. Tajiri mmoja wa matairi, mtu mwenye tumbo la heshima, akaipokea kwa mikono miwili akakimbia kwenda kuijaza mwenyewe.

Sharubati akaushusha mguu taratibu. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa mtu aliyeokota pochi na mwenyewe bado yuko karibu.

Jioni, chumbani, alimkuta dada amekaa kitandani na viatu miguuni.

"Da', usilie. Nimepata dawa. Wewe utafundisha, yeye atasimama."

"Nani? Yule wa ndoo? Atasimama afanye nini?"

"Asimame tu. Kuna watu wamesimama tu maisha yao yote na wanaitwa waheshimiwa."

"Anajua Kiingereza?"

"Kwao Kiingereza wanakisikia redioni. Nimeshaongea naye. Mvua zikianza hana kazi, na anataka kujifunza. Utamfundisha jioni."

"Na mkataba wangu?"

"Mwalimu. Jina lako, na mbele yake, mwalimu. Haki ya mama yetu."

Dada alimtazama sana. Yeye ndiye aliyembeba mdogo wake huyu mgongoni, akamsomesha, akamtoa polisi zaidi ya mara moja. Watu wa namna hii ndio wanaolizwa kirahisi, kwa kuwa wamekwisha kuzoea kusamehe. Akakubali.

Kwa Mkurugenzi, Sharubati alivaa suti na sauti ya msibani. Alimtambulisha fundi kuwa Profesa. Fundi alikuwa amenyolewa, ameoshwa, amebanwa kwenye koti la mitumba, na lami ilikuwa imebaki kwenye kucha tu.

"Mbona hasemi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndiyo mbinu yenyewe hiyo, mama. Kule vyuo vya juu walishaacha kusemasema. Mwalimu bingwa hunyamaza. Watoto wanakivuta Kiingereza kutoka usoni mwake. Kelele za darasani anaachiwa msaidizi."

"Aaa," alisema Mkurugenzi, aliyekuwa na Kiingereza cha kuagizia kahawa, na hata hiyo kahawa mara nyingi alipewa chai. "Nilisoma mahali kuhusu hiyo."

Hakuna mahali aliposoma. Lakini mtu akishaamua kudanganywa, humsaidia mwongo kubeba mzigo.

Ulibaki mkataba wa dada. Mkurugenzi alisema walimu wawili hawezi, nafasi iliyobaki ni ya ufagizi. Hapo Sharubati alisita, na tumpe haki yake, alisita kwa muda wa kutosha kumeza mate. Kisha akasema hewala. Mshahara wa Profesa ungepitia mikononi mwake, na mikono ile ilikuwa na mianya. Dada akaambiwa mkataba uko tayari, uko kabatini kwa Mkurugenzi, kila kitu shwari.

Kazi ikaanza, na ikanoga. Dada alifundisha kwa moyo wake wote, na watoto wakaanza kuongea, kubishana, hata kutaniana kwa Kiingereza. Profesa alisimama pembeni akiangalia dari, kwa mazoea ya kazi yake, akitafuta panapovuja. Nje ya kioo wazazi wakanong'onezana: "Mwone anavyofikiri." Siku moja alipiga chafya, na baba mmoja akaiandika. Mama wa mkoba aliapa kwamba alishamwona kabla, siku ile ya ndoo. "Kumbe alikuja kulikagua jengo kwanza. Watu makini hao!" Dada naye aliitwa "yule anayemshikia Profesa vitabu", ingawa vitabu alikuwa akivisomesha yeye.

Zogo lilianza Tajiri wa Matairi aliposema anataka kumsikia Profesa kwa masikio yake. Kikaitishwa kikao cha wazazi. Sharubati akamvuta fundi pembeni.

"Sema chochote," alimnong'oneza fundi kwa lugha ya nchi ile, ambayo wote wawili waliiongea kwa kuchechemea. "Sema kwa lugha ya kwenu. Polepole, kwa masikitiko."

Fundi akasimama. Akaeleza kwa lugha ya mama yake jinsi ya kupanga vigae vya paa, kuanzia chini kwenda juu, na hatari ya kubana misumari sana. Ni jambo alilolipenda, na sauti ilimtetemeka. Alipomaliza, watu walisimama kumpigia makofi, na mama wa mkoba alifuta machozi.

"Nimeelewa kila kitu," alisema.

"Hicho ndicho Kiingereza!" Tajiri wa Matairi alimgeukia mkewe. "Unasikia lafudhi? Nilikwambia! Binti yetu haongei hivyo hata kidogo. Kwa nini haongei hivyo?"

Swali likabaki linaning'inia, na kesho yake Mkurugenzi akalipatia jibu. Alimwita Sharubati ofisini, na dada akaja nyuma yake bila kuitwa.

"Wazazi wamelinganisha," Mkurugenzi alisema. "Kiingereza cha huyu mama hakifanani kabisa na cha Profesa. Anawaharibia watoto ulimi. Nafungua matawi manne, nataka uniletee maprofesa wanne wengine, na malipo ya mbele nakupa leo. Ila huyu mfagizi wako mtafutie kwingine."

"Mfagizi?" dada aliuliza.

Alimgeukia mdogo wake. Sharubati akaitazama bahasha ya malipo iliyokuwa mezani. Ilikuwa nene. Akageuza macho kwa Mkurugenzi.

"Nilikuwa nataka kukwambia mwenyewe, mama," alisema. "Hata mimi lafudhi yake inanisumbua."

Kauza dada. Tusizunguke mbuyu. Kamuuza mwanamke aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kwa bahasha, na Kiingereza alichokikana ni kilekile alichofundishwa na yeye, neno kwa neno, mezani kwao akiwa na makamasi.

Dada hakulia, na hilo lingepaswa kumtisha mdogo wake. Alirudi chumbani akafunga sanduku. Akasema amechoka, anarudi kwao kabla kibali hakijaisha asije akaondolewa kwa aibu. Sharubati alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akambebea sanduku, akatokwa na machozi mawili matatu ya kweli. Basi lilipopinda kona alikwenda kununua viatu.

Alichosahau Sharubati ni fundi. Alimchukulia kama kabati: unaliweka pembeni, unalifungua ukitaka. Kumbe jioni zote zile fundi alikuwa akifundishwa na dada, na alikuwa amefika mbali, kwa sababu alikuwa mwanafunzi pekee mjini mle aliyemsikiliza bila kumtazama rangi. Pia alikuwa amejua mshahara wa Profesa ni kiasi gani, na yeye anapewa makombo gani. Waswahili wamesema, mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Na fundi hata ujinga hakuwa nao. Alikuwa kimya tu.

Basi la dada lilisimama kituo cha pili, akashuka. Fundi alikuwa akimsubiri, kama walivyopanga. Fundi alitoka nchi jirani, na karatasi zake zilimruhusu kufungua biashara bila kuulizwa na mtu.

Jumatatu shule ilipofunguliwa, baada ya likizo ya mwezi mzima, Sharubati aliamshwa kwa simu. Profesa hayupo, na darasa la kioo halina mtoto hata mmoja. "Wazazi wote wamemfuata Profesa wako mtaa wa pili!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Nakupa mpaka mchana. Fedha zangu au Profesa. Madereva wangu wanakuja kukuchukua." Fedha zilikuwa zimeshageuka viatu, kiti cha ngozi na karamu mbili za marafiki wasiojulikana walipo.

Alikimbia mpaka mtaa wa pili na viatu vyake vipya vinambana. Akakuta nyumba iliyopakwa rangi, kibao kipya, wazazi wamekaa barazani. Dirishani aliona watoto wamemzunguka dada yake. Na juu kabisa, suruali ya lami, nyundo mkononi, Profesa alikuwa akibadilisha vigae.

Mtu akifilisika uongo, hukopa ukweli. Sharubati akapanda kwenye ngazi za baraza.

"Ndugu wazazi! Mmeingizwa mkenge! Yule si profesa, ni fundi paa! Nilimwokota mimi na ndoo yake! Kile alichowahutubia si Kiingereza, ni habari za misumari! Mtazameni, yuko juu ya paa! Profesa gani anapanda paa?"

Wazazi wakatazama juu.

"Mtu mkubwa hana makuu," alisema Tajiri wa Matairi kwa unyenyekevu.

"Muulizeni mwenyewe basi!"

Fundi akainama ukingoni. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno limekaa mahali pake, kwamba yeye ni fundi paa, mwalimu ni yule mama aliye ndani, na yeye bado anajifunza. Halafu akayarudia hayohayo kwa lugha ya nchi ile, wasije wakasema hawakuelewa. Barazani watu wakatikisa vichwa kwa mahaba.

"Anajifunza bado!" mama wa mkoba alisema. "Na usomi wote ule!"

Sharubati akahisi anapagawa. Akaacha lugha ya nchi ile, akawamwagia Kiingereza chenyewe, kilichonyooka, kitamu, cha mtu aliyefundishwa na mwalimu wa kweli tangu utotoni. Aliwatukana, akawabembeleza, akawaonyesha kwamba yeye anakijua na wao hawakijui. Tajiri wa Matairi alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama usoni, akashuka mpaka kwenye viatu, akarudi usoni.

"Bwana mdogo," alisema kwa upole, "sura kama hiyo itajulia wapi Kiingereza?"

Barazani wakacheka. Dada alitoka mlangoni, chaki mkononi.

"Da', waambie! Waambie ukweli!"

"Niliwaambia siku ya kuandikisha," dada alisema. "Mimi ndiye mwalimu, yule ni fundi. Sikutaka kuanza kwa uongo. Wakasema nina wivu, wakalipa."

"Na kibali?"

"Kimetoka. Profesa kaniandika mwalimu mkuu. Watoto wanasoma, mdogo wangu, na hilo ndilo nililolijia. Hao wa barazani siwawezi."

Kona ya mtaa, madereva wawili wa Mkurugenzi walikuwa wanashuka kwenye gari, mmoja akikunja mikono ya shati. Sharubati aliushika mlango.

"Nifiche, Da'. Mimi si damu yako?"

"Damu yangu," dada alisema, na machozi yakamlengalenga, maana alikuwa anasema kweli. "Ila lafudhi yako inanisumbua."

Akaingia ndani, akafunga mlango, akaendelea na somo. Sharubati akawageukia madereva, akatabasamu, akaanza kuwaeleza. Alieleza vizuri sana. Walimsikiliza mpaka garini.