Vita vya Pauliasi na Upepo wa Puani

Jongeeni, enyi wakoromaji, nanyi mnaonyimwa usingizi na wakoromaji, niwasimulie jinsi Pauliasi, baba mkwe wangu, simba wa kisiwa cha Vava'u, mng'oa viazi vikuu, ambaye mkoromo wake huamsha nguruwe wa jirani, alivyopigana na kimashine kisichozidi ukubwa wa mkate.

Adui wa kweli alikaa kooni mwake. Kila alalapo koo lilijifunga, pumzi ikakatika, na mama mkwe wangu, Seini mvumilivu, akamtikisa hadi irudi. Miaka kumi na miwili mama yule hajalala usiku mmoja ukaisha. Ndipo hospitali ikawaazima mashine yenye bomba na barakoa, isukumayo upepo puani na kujipimia nguvu yenyewe: koo likibana inaongeza, likifunguka inapunguza. Ila asipolala nayo saa nne mfululizo, walau mara moja ndani ya juma moja, itapewa mgonjwa mwingine. Siku sita shujaa aliivua na kuitupa. Ikabaki Jumapili.

Basi Jumapili hiyo, kanisa limekwisha, tumeshiba lu, nyama iliyookwa ndani ya majani kwa tui la nazi, na viazi, kisiwa kizima kikijinyoosha kulala, Pauliasi akajiandaa kama wazee wake walivyojiandaa kwa makuu: akajipaka mafuta ya nazi yenye maua, kifua, mabega, uso wote, aking'aa kama sufuria jipya. Akavaa barakoa, akanena:

"Ewe upepo wa kiwandani! Vimbunga vitatu vimenipita nikiwa nimesimama, wewe ni nani?"

"Lala, mzee, acha hotuba," akasema Seini.

Barakoa ikateleza. Upepo ukavuja, mashine ikadhani koo limebana, ikazidisha nguvu, na shavu la shujaa likapiga tarumbeta, prrrrr! Akaruka, barakoa iko sikioni.

"Imenitukana! Mmeisikia?"

"Nimeisikia. Haijakosea."

"Irudishwe kesho! Simba havishwi hatamu!"

"Sawa. Na simba akifa usingizini nitakuwepo, macho yangu wazi. Si nimeshazoea kukesha?"

Nikaigusa ile barakoa. Ilikuwa telezi kama samaki.

"Baba, ni mafuta. Haishiki ngozi."

"Ninawe uso? Kwa sabuni? Siku ya Bwana?"

"Hii hapa ya mjukuu wako Lupe. Haiwashi macho."

Akaniangalia, akamwangalia mkewe, kisha akainama juu ya beseni kama mfalme avuliwaye taji.

Safari ya pili barakoa ikashika. Mashine ikanong'ona, ikapanda kidogo, ikashuka, na chumba kikanyamaza hata Seini akaingiwa na hofu, akaweka sikio kifuani pa mumewe.

"Anapumua huyu?"

"Anapumua, mama."

"Mbona kimya hivi?"

Akaketi kando yake, mkono tayari kumtikisa. Saa ya kwanza mkono haukupata kazi. Saa ya pili ukalala juu ya mkeka, na mwenyewe akaufuata.

Kengele ya ibada ya jioni ikalia. Mzee wa kanisa akasimama mlangoni.

"Mama Seini yuko wapi? Hajawahi kukosa."

"Amelala."

"Na Pauliasi?"

"Naye amelala."

"Kwa wakati mmoja?" akauliza, akavua kofia.

Basi na iandikwe katika historia ya Vava'u, na watoto wafundishwe, kwamba Jumapili ile, tangu saa saba mchana hadi saa kumi na moja na robo, saa nne na robo mfululizo, koo la Pauliasi lilikaa wazi, na Seini binti Tevita, tangu usingizi ulipomchukua, hakuamka hata mara moja.