Trekta ya Nyumbani kwa Bwana Katibu

"Wananchi watukufu wa Msambweni, mnaarifiwa ya kwamba Serikali, baada ya kupata Uhuru, sasa imeazimia kupata trekta. Itakaa nyumbani kwangu."

Hayo aliyatangaza Bwana Chirau, Katibu wa Ustawi wa Makazi, na watu wakapiga makofi. Mwaka ule wa kwanza wa Uhuru makofi yalitangulia, maana ikaulizwa baadaye.

Haja ilikuwepo. Bwana Chirau alikuwa ameachiwa nyumba na Mzungu aliyeshika cheo hicho kabla yake, na nyumba ilikuwa na ua wa nyasi. Mzungu alizikatisha kwa fyekeo. Bwana Chirau aliona uchungu nchi huru iendelee kufyeka.

Kamati ya Uteuzi iliketi sebuleni kwake. Bwana Baya, mjumbe hodari wa kukubali, alieleza kuwa trekta za nyumbani ni za aina mbili: kitrekta cha bustani, kikatacho nyasi na kupita popote apitapo mbuzi, na trekta ndogo ya shamba, inayolima na kuvuta tela, ila inataka nafasi ya kugeukia.

"Ua wetu ni nyasi tu," alisema Bi Mwanatumu, mkewe Chirau, akimimina kahawa. "Hicho cha bustani kinatosha."

"Mheshimiwa akikikalia hicho, magoti yatamfika masikioni," alisema Baya kwa masikitiko. "Atachekwa. Na akichekwa yeye, imechekwa Serikali."

Bwana Chirau alijiona juu ya kitrekta, magoti masikioni, akaingiwa na baridi. Trekta ndogo ya shamba ikapita bila kupingwa.

"Na itageukia wapi?" aliuliza Bi Mwanatumu. "Jikoni kwangu?"

Kamati ilikiri kuwa hilo ni suala la kitaalamu. Kwa kuwa trekta haikuweza kupunguzwa, iliazimiwa ua uongezwe. Upande wa pili wa ua lilikuwepo shamba la muhogo la mjane mmoja, Bi Mbodze. Bwana Chirau alikwenda mwenyewe kumweleza na, kwa kuwa alilelewa vyema, alianza kwa adabu.

"Shikamoo, Bi Mbodze."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimekuja kuchukua shamba lako."

Bi Mbodze aliegemea jembe. "Na wajukuu zangu watakula nini?"

"Mambo ya chakula yana kamati yake."

"Kwa hiyo mimi nihame ili trekta igeuke?"

"Huhami, mama. Unapisha maendeleo."

Ua wa miti uliokuwa mpakani ukang'olewa, trekta ikaletwa. Lakini manung'uniko yalifika Mombasa, na Bwana Chirau akaulizwa trekta ile ni ya nini hasa. Alijibu bila kusita kwamba pale si nyumbani tena, bali ni Kituo cha Mfano cha Kilimo cha Trekta, kwa manufaa ya akina mama wakulima. Jibu hilo lilimpendeza mno, akashinda siku nzima akilinong'ona peke yake.

Siku ya uzinduzi alikuja mkubwa kutoka Mombasa. Mkubwa huyo alikuwa na ila moja tu: aliamini alichoambiwa.

"Mkulima wa mfano ni yupi?" aliuliza.

Baya alirudi hatua moja nyuma.

"Ni mimi," alisema Bi Mbodze kutoka katikati ya watu. "Na shamba ni langu."

"Vizuri sana. Na katika nyumba hii anakaa nani?"

"Familia yangu," alisema Bwana Chirau.

"Ndani ya kituo cha Serikali?"

"Kwa muda tu, Mheshimiwa."

"Basi muda umekwisha. Vyumba hivi vitawekwa mbegu." Mkubwa akamshika Chirau begani kwa upendo. "Na wazo jema namna hii tusimnyang'anye mwenyewe. Trekta utaiendesha wewe."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Baya.

Bwana Chirau alihamia vyumba viwili nyuma ya soko, akapewa cheo cha Dereva Mkuu, ijapokuwa dereva mwingine hakuwepo. Asubuhi ya kwanza alilima kwa Bi Mbodze, vumbi likimjaa puani, akina mama wamejipanga kando wakingoja zamu. Alipomaliza, Bi Mbodze alilikanyaga tuta, akaridhika.

"Dereva, kesho tutalima kwa jirani yangu Kadzo. Uje mapema, kabla jua halijakuwa kali."

Bwana Chirau alitazama huku na huku akitafuta kamati ya kulipeleka suala hilo. Haikuwepo.

"Naam, mama," alisema, akateremka kukwangua udongo kwenye plau.