Malalamiko Dhidi ya Seli za Umio wa Binti Yangu

Kwako Daktari wa matumbo,

Salamu, na pole kwa kazi ya kuchungulia makoo ya watu. Mimi ni mama wa yule fundi cherehani uliyemwingiza mpira wenye kamera. Shule niliiacha mapema, lakini siku ile nilikusikiliza vizuri, na tangu hapo sina raha.

Ulisema asidi ya tumboni ikipanda, seli za ule utando unaolinda umio zinapelekeana habari kwa kemikali, zinaita askari wa mwili, na askari hao ndio wanaozidi kuuchubua utando. Basi nalalamika hivi:

1. Seli hizo nimezilisha mimi tangu binti yangu ananyonya. Leo zimepata shida, zinakimbilia kwa askari bila hata kunipitia. Huo ni utovu wa adabu.

2. Askari wameitwa kuzima moto, wao wanabomoa ukuta. Mkubwa wao ni nani? Nielekeze nimwendee, nitavaa vizuri.

3. Umenikataza kumpelekea mwanangu chakula cha pilipili dukani kwake, eti akishakula anainamia cherehani na asidi inapanda. Daktari wangu, mteja kasimama mlangoni anangoja suruali. Ashone huku anatazama dari?

4. Kwa hiyo naomba dawa ya kuzifunga midomo seli zote, kemikali isipite hata moja. Ikishindikana, mtoe utando wake umwekee wangu. Wangu umekula pilipili maisha yote na haujawahi kumshtaki mtu. Huo wake nipe mimi, nitaufunza adabu.

Sina ugomvi na wewe. Naogopa tu. Mtoto akimeza mate anashika kifua, na mimi sijui tena nipike nini.

Nisalimie muuguzi aliyenishika mkono, mlinzi wa getini, na yeyote anayeosha ile kamera.

Ni mimi, mwenye wasiwasi,
Mama Fundi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, nimemuuliza binti yangu kwa nini alinyamaza muda wote huo na kifua kinawaka. Akanijibu bila kuinua macho kwenye mshono, "Mama, ningekwambia chakula chako kinaniunguza, ungeacha kuja."

Yaani bila hizo seli tungezikana kwa kuoneana haya. Daktari, niombee radhi kwazo, ziache ziseme. Pilipili nimeacha. Kuja sijaacha: sasa nakaa naye mpaka chakula kishuke, na suruali za watu zingoje.